Vijiua vya Nyuma ya Bafu

"Mzee, bomba linavuja wapi?" fundi aliuliza, amechoka. "Nimechimba ua mzima, naambulia mawe."

Mzee alijua. Nyuma ya bafu, kivulini, udongo haukukauka hata kiangazi, na hapo vijiua vyake vya zambarau vilistawi, vidogo kama vifungo vya shati. Bomba likizibwa, vitakufa.

"Usihangaike, fundi," mkewe alitania, akitua ndoo ya maji aliyoyateka kwa jirani. "Punda wa maji nipo."

Vidole vyake viligoma kunyooka. Akavikandamiza pajani, kimoja kimoja, bila hata kuguna.

Mzee akapiga magoti, akang'oa shina la kwanza na mizizi yake. Shimo likajaa maji.

"Chimba hapa."

Mkewe akalitazama lile shimo, kisha akamtazama yeye.

"Baba watoto, umejua tangu lini?"