Usukani Uliotetemeka

Kathini aliinua pua ya ndege kwenye kompyuta mpaka king'ora kikalia, akangoja usukani utetemeke mkononi mwake. Hakuhisi kitu.

Usukani huo wa mazoezi ulikuwa na mota ndani. Ndege ikikaribia kuanguka, mota humtikisa rubani mkono ili ajue. Kathini alikuwa ameufungua pale mezani, nyumbani kwao mjini Wote, akabadilisha kihisi chake, akaufunga tena. Bado ilikuwa kama kushika kipande cha mti.

"Mama, hiki kitu kimekufa kabisa. Na Jumatatu naanza shule ya urubani."

Mama yake alikuja akijifuta mikono kwa leso, akaweka kiganja juu ya usukani, karibu na vidole vya binti yake.

"Mbona kinatetemeka hivi? Hata meza inatetemeka."

Kathini akatazama. Chai ilikuwa ikicheza kikombeni. Mkono wake mwenyewe ulikuwa ukitikiswa na usukani. Akakumbuka ile ganzi ya vidole, ambayo tangu msimu wa mvua alikuwa akisingizia baridi.

Akaubana usukani mpaka kucha zikawa nyeupe.

"Sasa unasikia?" mama akauliza.

"Ndiyo," akasema, huku akiangalia kama vidole vyake bado vimeushika.