Saa Yenye Mpini

"Urithi wa babu yangu huu, bibi. Nataka kengele yake ilie tena," alisema Bwana Makame, akiiweka saa ya shaba mbele ya fundi Mwanahija.

Mwanahija aliutambua ufa wa kioo. Yeye ndiye aliyeiangusha utotoni, kabla bwana huyuhuyu hajaja na askari saa kumi na moja alfajiri, wakamchukua baba pamoja na saa yake. Baba hakurudi.

Moyo ulimwaka. Aliufikisha mshale wa kengele kwenye saa kumi na moja, akautia lehemu usisogezwe tena.

"Itakuamsha, bwana. Kila alfajiri, wakati uleule."

"Mungu aibariki mikono yako!"

Akaishika mpini, akaondoka nayo akitabasamu. Tangu utotoni Mwanahija aliiogopa alfajiri; leo aliingoja kwa hamu.