Mistari Tuliyoing'oa

Nilikikung'uta kichala cha maua cha mzabibu wetu wa Blatina juu ya kiganja changu. Hakikudondosha chochote.

Jirani yetu Janja alikuwa akinitazama kutoka upande wa pili wa ukuta wa mawe, mkasi mkononi.

“Unatafuta nini humo, mwanangu?”

“Unga wa maua, mama. Nyuki wanapita tu, hawatui. Nikataka kujua kwa nini.”

“Watue wafuate nini? Blatina ni jike tupu.” Alikata kitawi kilichochanua kwenye mzabibu wake wa trnjak, akanikung'utia. Kiganja changu kikawa cha njano hadi kwenye kucha. “Dume ndilo hili; bila unga wake jike halizai zabibu.”

Mzabibu huo niliujua. Baba mkwe alipanda mstari mmoja wa trnjak kila baada ya mistari minne ya Blatina, na hakuwahi kutuambia sababu. Wanunuzi wa mjini Mostar hawakuitaka divai ya trnjak, kwa hiyo tulipomzika mzee, mimi na mume wangu tuling'oa mistari hiyo yote. Mashina ya mizabibu hiyo tulichomea soseji za Krismasi.

“Mbona hukutuambia, mama?”

“Nilikuja. Mumeo akaniambia nikatunze takataka zangu.”

“Na haya maua yatakaa siku ngapi?”

Aliangalia wingu la mvua lililokuwa likipanda nyuma ya mlima, kisha akanipitishia mkasi juu ya ukuta. “Kata vitawi vya dume vingi uwezavyo, ukavitundike kwenu, mstari kwa mstari.”

Nilikuwa nimeshaparamia ukuta mume wangu alipoita kutoka uani, sauti imejaa furaha.

“Njoo uone! Mapipa mapya ya divai yamefika! Yote kumi!”