Nyumbani Hatumtaji Baba

Tangu nauli zianze kupangwa kulingana na haja ya msafiri, nyumbani hatumtaji baba yangu, anayeumwa kule Kigoma. Simu ikisikia uchungu kwenye sauti, treni, basi na ndege hupanda bei papo hapo.

Mume wangu Salvatori ni hodari wa kujifanya. "Kigoma kuna nini zaidi ya samaki wao migebuka," husema mezani, akiielekea simu, nami hucheka. Treni ikishuka kidogo, basi hufuata. Ndege hatuifungui kabisa kwenye simu, maana kuitazama tu ni kukiri haja.

Wiki iliyopita alipiga simu dada yangu Leokadia, anayemuuguza baba.

"Habari za huko?" nikauliza.

"Nzuri. Baba hajambo. Msihangaike kuja."

Sauti yake ilikuwa kavu kama ya Salvatori anapojifanya. Sikuuliza zaidi.

Leo asubuhi nauli zote zimeporomoka, hata ya ndege. Salvatori alianza kutabasamu, akaacha. Ugonjwa hupandisha nauli, na msiba huipandisha zaidi. Haishuki namna hii mpaka mtu awe ameshazikwa.

Nikafungua kinywa. Salvatori akakiziba kwa kiganja, taratibu, macho yake yamejaa machozi.

"Subiri, mama Deo," akaninong'oneza. "Tiketi bado hatujakata."