Kinu cha Tangawizi

Kidawa alimkuta mumewe uani, amekitupa chini kibano kipya cha kutolea bushi. Mkono wa gari, chuma kinachoshikilia gurudumu, ulikuwa umelala juu ya gunia, na bushi yake ya mpira iliyochakaa haijasogea hata kidogo.

"Vikombe vyote vya kibano nimejaribu," Mngwali alisema. "Hiki kidogo, hiki kikubwa. Sasa kesho bibi harusi atapanda nini?"

Bibi harusi alikuwa binti yao, Zamda. Kidawa aliingia ndani, akarudi na kinu kidogo cha shaba cha kutwangia tangawizi alichoachiwa na marehemu mama yake. Alikuwa ameshakifunga kwa kanga ili kiende na binti. Akakifungua, akauweka mkono wa gari juu yake. Mdomo wa kinu ulilingana na tundu la bushi.

"Mama Zamda, kitaharibika hicho."

"Wewe twanga."

Mngwali akasimamisha kipande cha bomba juu ya bushi, akakipiga nyundo kwa hasira. Kinu kikaruka.

"Hutwangi, unagombana." Kidawa akavuta kigoda, akakaa, akakibana kinu kwa nyayo zake kama afanyavyo jikoni. "Polepole. Mapigo yalingane."

Mngwali akapiga hivyo, mpaka bushi ikadondoka kinuni. Wakacheka wote wawili.

Ukingoni mwa kinu palibaki kovu. Mngwali akalisugua kwa kidole gumba, halikutoka.

"Atauliza alama hii ya nini."

"Aulize."

Kidawa akaitoa bushi, akakinusa kinu. Kilinuka tangawizi na mpira. Akakifunga tena kwa kanga, bila kukiosha.