Dodoso la Arobaini

"Majibu ya dodoso hili la arobaini umeyapika, Kakakuona," alisema Kanga, msimamizi wa ofisi ya utafiti, aliyeshuku hata kivuli chake.

"Sijayapika, bosi. Mhojiwa yupo."

"Mnyama gani huyo, mwaka mzima hajapigiwa hodi hata mara moja? Kesho nakwenda kuhakiki. Nisipomkuta, huna kazi."

Kwa miaka sita Kakakuona alizunguka msituni akiwauliza wenzake kama wana furaha, kisha kila jioni akirudi shimoni peke yake.

Asubuhi Kanga alifuata maelekezo ya kwenye dodoso mpaka mlango wa shimo, akapiga hodi. Aliyefungua ni Kakakuona.

"Karibu, bosi. Mhojiwa ni mimi. Niulize upya, ila taratibu, maswali yasiishe upesi."