Mtihani wa Balbu

Dalmas alibonyeza swichi. Balbu haikuwaka. Akabonyeza tena, huku akiomba Mungu. Wapi!

"Stima imepotea, Madam," akasema. "Kinoo yote, tangu asubuhi."

Madam Debra, mtahini kutoka wizarani, hakuwa mtu wa mzaha. "Mtihani ni balbu kuwaka. Isipowaka leo, utarudi mwakani."

Mwakani! Jamani, kuna kampuni kule Upper Hill iliyokuwa imemwahidi Dalmas kazi ya kweli, yenye kofia ngumu na buti, mradi tu alete cheti Jumatatu. Mama yake alikuwa ameshatangazia kanisa zima. Na mafunzo yenyewe serikali ndiyo iliyolipia. Ya mara ya pili nani angelipia?

Nje, uwanjani, mheshimiwa aliyekuja kuzindua karakana mpya ya chuo alikuwa bado anahutubu. Kipaza sauti chake, kilichoendeshwa na jenereta, kilitetemesha vioo vya madirisha. "Serikali hii haijawasahau vijana!" Watu wakapiga makofi ya uchovu. Walikuwa wanangoja soda.

"Huyu mheshimiwa na hiyo jenereta yake," Peres, mwanafunzi mwenzake, akanong'ona, "nani atachoka kwanza?"

Darasa likacheka. Dalmas hakucheka. Mtu anayekosa kazi anachekaje?

"Madam, naomba nikaangalie waya wa nje kidogo."

"Haya. Harakisha."

Akabeba waya mrefu begani, akatoka mbio. Madam Debra akatazama saa yake, akaguna, akaanza kukusanya karatasi zake.

Dalmas akarudi akihema, magoti yamejaa matope. Akakaza skrubu ya mwisho, akafumba macho, akabonyeza.

Balbu ikawaka! Haki ya Mungu, ikawaka! Darasa likalipuka kwa vifijo, wengine wakipanda juu ya madawati. "Imerudi! Stima imerudi!" Peres peke yake ndiye aliyekuwa akitazama dirishani, ulikopita ule waya mrefu kuelekea uwanjani, badala ya balbu, mkono mdomoni.

Hata Madam Debra akatabasamu. Akaandika "Amefaulu", akapiga muhuri hapo hapo.

Ndipo wakasikia kimya. Mheshimiwa alikuwa amefika kwenye "vijana wetu wakipewa nafasi, wata—", basi. Hatua za mtu zikaja mbio kutoka uwanjani.

"Jamani, mheshimiwa hasikiki! Hakuna fundi wa stima hapo?"

"Yupo!" Madam Debra akaitikia kwa fahari, akimsukuma Dalmas mlangoni. "Tena amefaulu sasa hivi!"